Sista Dorothea Chidawali: Dripu Kwanza, Kifusi Baadaye

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Afisa Muuguzi Dorothea Chidawali atasaini kitabu cha mahudhurio cha Hospitali ya Mtakatifu Anselmi, Chihanju, kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia hospitali hii miaka thelathini na sita na miezi kumi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa masharti mawili: usizidi ukurasa mmoja, na usitaje mkojo. Sharti la kwanza nilijitahidi nikashindwa. La pili sikujaribu hata kidogo. Mimi ni mtu wa maabara, na kwa miaka ishirini na miwili Sista Dorothea na mimi tumefahamiana kupitia kidirisha cha kupokelea vipimo, yeye akiwa upande wa nje na kikopo mkononi. Mtu akinikataza kutaja mkojo, basi amtafute mhasibu aandike.

Sista Dorothea alizaliwa Mpwapwa mwaka 1965. Baba yake alikuwa mhudumu wa josho la ng'ombe, na mwenyewe husema kwamba sauti yake aliipata huko, kwa kuwakemea ng'ombe waliogoma kuingia kwenye dawa. Wagonjwa wa wodi ya wanaume wanaamini maelezo hayo bila kuhitaji ushahidi. Aliajiriwa hapa Septemba mosi, 1988, akiwa na cheti cha uuguzi, sanduku la bati na jozi mbili za viatu vyeupe. Jozi moja ilimalizwa na matope ya Chihanju wiki hiyohiyo.

Miaka kumi ya kwanza aliifanya kazi kama wauguzi wengi wazuri wanavyoifanya: kuzalisha, kuchoma sindano, kufunga vidonda, kugombana na ndugu wa wagonjwa wanaolala chini ya vitanda. Kilichomgeuza kuwa huyu tunayemuaga leo ni mvua za mwaka 1998. Wakubwa wanazikumbuka. Mapaa ya udongo ya nyumba za tembe yalinyonya maji siku baada ya siku, yakawa mazito kuliko nguzo zilizoyabeba, na nyumba moja baada ya nyingine zikawa zinalala chini pamoja na waliomo.

Katika nyumba mojawapo alibanwa kijana aliyeitwa Lameck. Boriti na udongo wa paa vilimlalia mapajani tangu alfajiri. Sista Dorothea alifika saa nne, akamkuta anaongea vizuri tu, tena anatania. Aliwaambia watu waliokuwa wakimfukua kwamba akitoka hapo atahamia kwa mama mkwe, maana yeye ana paa la bati. Watu wakacheka, wakahesabu moja mbili tatu, wakanyanyua boriti. Lameck akavutwa nje kwa vigelegele. Akaomba maji. Kabla kikombe hakijafika, akawa amekufa.

Sista Dorothea hakuweza kulielewa jambo hilo. Mtu aliyekaa chini ya boriti kwa saa tano akitania, anakufaje dakika tano baada ya kuokolewa? Aliwauliza madaktari wetu wote wawili, kisha akamwuliza daktari wa figo aliyepita hapa akielekea Dodoma mjini, ambaye gari lake lilikuwa limeharibika. Fundi alipomaliza kutengeneza gari, daktari hakuruhusiwa kuondoka. Sista alikuwa bado ana maswali.

Aliyojibiwa aliyaandika kwenye daftari, na ameyarudia mara nyingi kiasi kwamba hata mlinzi wetu wa getini anaweza kuyafundisha. Nyama ya mwili ikikandamizwa kwa muda mrefu, inakufa, na sumu yake inabaki palepale kwa sababu damu haipiti. Ukiondoa mzigo ghafla, sumu yote inaingia kwenye damu kwa pamoja. Potasiamu inausimamisha moyo. Rangi ya misuli iliyopondeka inaziba figo. Kwa hiyo mgonjwa anawekewa dripu ya maji ya chumvi akiwa bado chini ya kifusi, ndipo kifusi kiondolewe. Baada ya hapo unaangalia mkojo: unatoka kiasi gani, na una rangi gani.

Hapo ndipo yalipoanza mateso yangu. Tangu nilipoajiriwa sijawahi kukutana na Sista Dorothea asubuhi bila kuulizwa mkojo wangu una rangi gani. Unamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anauliza. Amemwuliza mkaguzi wa dayosisi. Amemwuliza bwana harusi, mbele ya keki, kwa sababu alimwona amepauka midomo. Bwana harusi alijibu, kumbe kweli alikuwa hajanywa maji tangu jana yake, akaletewa jagi zima, na ratiba ya sherehe ikasogezwa mbele nusu saa.

Kwa miaka mingi tulimwona kama mtu mwenye jambo lake moja. Tulimheshimu, tukamcheka pia, na mimi niliyeandika haya nilikuwa wa kwanza kucheka. Kisha ikaja Jumatano ya tarehe 16 Januari 2019.

Asubuhi ile upepo wa mvua uliangusha ukuta mrefu wa ghala la zamani la alizeti karibu na mnada. Ukuta uliangukia ndani, juu ya watu waliokuwa wamejikinga mvua na juu ya magunia waliyokuwa wameyapanga. Watu kumi na mmoja waliumia. Kumi walitolewa ndani ya saa moja wakiwa na majeraha ya kushonwa na mifupa ya kufungwa. Wa kumi na moja alikuwa Nathan, fundi mwashi, aliyelaliwa na kipande cha ukuta kuanzia kiunoni kwenda chini.

Nathan na Sista Dorothea walikuwa wanafahamiana. Nathan ndiye aliyemjengea Sista jiko, lile ambalo mlango wake ukifungwa, dirisha linafunguka lenyewe. Walikuwa hawajasemezana miezi minane. Gari la wagonjwa, likiendeshwa na Halfani, lilifika ghalani saa nne na dakika arobaini, Sista akatambaa kwenye matofali hadi alipo Nathan, na Nathan alipofumbua macho akamwona ni nani, alisema, "Mungu wangu. Hakukuwa na mwingine?"

"Yuko likizo," Sista akamjibu. "Lete mkono."

Wakati huohuo mtambo wa kuchimbia, ule watu wanaouita kijiko, ulikuwa umeletwa kutoka kwenye ujenzi wa barabara. Opareta wake, Bernardo, alikuwa na moyo mwema na haraka nyingi. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wanampigia kelele anyanyue. Mtendaji wa kijiji ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, kwa kuwa alikuwa ameambiwa viongozi wa wilaya wako njiani, na hakutaka wamkute mtu bado yuko chini.

Sista Dorothea alipaza ile sauti ya joshoni kwamba mtu yeyote asinyanyue. Anahitaji dakika ishirini na chupa mbili za dripu ziingie kwanza. Umati ukaguna. Mke wa Nathan, Gladness, akamshika Sista bega, akalia, "Sista, unamlipizia jiko? Mtoeni mume wangu!" Bernardo akawasha mtambo.

Ninayoandika sasa nimeyapata kwa Halfani, na nimeyahakiki kwa watu wengine saba. Sista Dorothea, akiwa na miaka hamsini na mitatu na sare nyeupe, aliondoka kwa Nathan akiwa ameshamchoma sindano ya dripu, akauendea mtambo, akapanda kwenye kile kibakuli chake chenye meno, akaketi. Akakunja mikono. Akamwambia Bernardo anyanyue sasa, na kama anataka kumpeleka Msalato akamtupe uwanja wa ndege, ampeleke.

Bernardo akazima mtambo.

Kisha Sista akamgeukia Gladness. Halfani anasema hapo sauti ilishuka hadi ikawa ya mtu mwingine. Akamwambia habari za Lameck, yote, tangu utani wa mama mkwe hadi kikombe cha maji. "Sitaki nikuletee maiti inayocheka," akamwambia. "Nipe dakika ishirini." Gladness akafuta uso kwa khanga, akageuka na kusimama mbele ya mtambo mwenyewe, mikono kiunoni.

Ikabaki kazi ya kuishika chupa ya dripu juu. Sista alitazama huku na huku, akamwona Mtendaji, akamkabidhi. Akamwelekeza auinue mkono na asiushushe, maana chupa ikishuka, damu itarudi kwenye mpira. Mtendaji hakujua kwamba angeweza kubadilisha mkono, na hakuna aliyemwambia. Simu yake iliita mfukoni mara kumi na moja. Viongozi wa wilaya walipofika, walimkuta amesimama kwenye tope kama mlingoti, suti imelowa, chupa juu, machozi yanamtoka, na wakaamini amefiwa. Mmoja wao alimpa pole.

Dakika ishirini zilipokwisha, Sista akatoa ruhusa, na mtambo ukakwama kwenye matope. Madereva wa malori wakaleta jeki tatu, wazee wa mnada wakaleta magogo, na kipande kile cha ukuta kikainuliwa kidogokidogo, chupa baada ya chupa. Nathan alitolewa saa sita kasoro dakika kumi, akiwa ameshapata lita mbili za maji ya chumvi. Sista alikuwa ameshika mshipa wa shingo yake, akihesabu mapigo. Ikapita dakika moja. Zikapita tano. Nathan akauliza nani amechukua mfuko wake wa zana.

Mkojo wa kwanza nilioletewa maabara siku ile ulikuwa mweusi kama soda ya kola. Sikucheka tena.

Wodini Sista alianzisha jagi. Aliliwekea alama kwa plasta, na kila saa alipima mkojo kwa mililita, akaandika, akatangaza. Wagonjwa wengine walianza kufuatilia kama mpira. "Mia mbili na kumi!" akitangaza, wodi nzima inapiga makofi, hadi mzee mwenye henia aliyekatazwa kucheka. Gladness alileta chakula cha mgonjwa kama mke yeyote mwema wa Dodoma: ndizi mbivu, zabibu, na juisi ya ubuyu. Sista alivikamata vyote mlangoni, akieleza kwamba vimejaa potasiamu. Vilipelekwa ofisi ya wauguzi vikahifadhiwe. Natumia nafasi hii kukiri kwamba ndizi nilizila mimi. Za siku ya pili pia.

Lakini siku ya pili jioni alitangaza, "Arobaini." Saa iliyofuata, "Kumi na tano." Baada ya hapo hakutangaza tena. Alikuja kwenye kidirisha changu na sampuli ya damu, akasimama pale akinisubiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilipompa majibu ya potasiamu aliyasoma mara mbili. Hakuuliza rangi ya mkojo wa mtu yeyote. Akaenda moja kwa moja kwa Mganga Mfawidhi wetu, Daktari Antonia, na ndani ya saa moja Nathan alikuwa kwenye gari kwenda mjini kusafishwa damu kwa mashine, Sista amekaa pembeni yake. Alirudi kesho yake akiwa na sare ileile. Akapiga deki wodi ambayo ilikuwa imeshapigwa.

Siku sita zilipita. Nathan alisafishwa damu mara tatu. Sista akawa mpole kwa wanafunzi, hadi wanafunzi wakaogopa.

Siku ya saba tulikuwa kwenye mkutano wa asubuhi, pamoja na wageni wanne wa heshima kutoka dayosisi waliokuja kutazama maendeleo yetu. Mgeni mmoja alikuwa anaelekea kufunga kwa sala. Simu ya Sista ikaita. Kwa haraka yake, badala ya kuipokea kawaida akabonyeza spika. Sauti ya Gladness ikajaza ukumbi:

"Sista! Amekojoa! Amekojoa lita nzima! Sista, mweupeee!"

Sista Dorothea alipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mnadani. Matroni akalia. Daktari Antonia akampiga mgeni wa heshima mgongoni, akamwomba radhi, akampiga tena. Mgeni aliuliza kwa upole ni nani huyo aliyekojoa. Mtu akamjibu kwamba ni fundi wa jiko. Mgeni akafikiri kidogo, akasema, "Basi tumshukuru Mungu," na sala ikaanzia hapo.

Nathan alirudi Chihanju baada ya wiki tano. Alipoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto na anachechemea hadi leo, lakini anajenga. Mlango wa jiko ameurekebisha. Sista anasema sasa dirisha halifunguki kabisa.

Baada ya siku ile hakuna aliyemcheka tena, na yeye akatumia hali hiyo vilivyo. Alidai sanduku jekundu la kukaa kwenye gari la wagonjwa, lenye chupa kumi na mbili za maji ya chumvi, mipira ya mkojo na mikasi, na akaandika juu yake kwa rangi nyeupe: USIAZIME. Alifundisha waashi, wapagazi na vijana wa bodaboda. Alikwenda Msalato kufundisha vibarua wa ujenzi, na Chang'ombe, ambako mwenye duka mmoja alimwazima magunia ya mchele ili watu wafanyie mazoezi ya kubanwa. Hapa hospitalini mazoezi ya kubanwa aliyafanya Daktari Antonia mwenyewe, chini ya meza na magunia matatu. Alisinzia. Wanafunzi walimwekea dripu ya kweli.

Bajaji moja ya Chihanju imeandikwa nyuma: USINYANYUE, MWITE DOROTHEA. Namba ya simu iliyopo pale ni yake halisi, naye amekuwa akipigiwa na watu wanaotaka kunyanyua makabati.

Haya mengine yote yapo kwenye faili lake: cheti cha mfanyakazi bora mara nne, stashahada aliyoisomea akiwa na miaka arobaini na tano, wauguzi zaidi ya mia moja waliopita mikononi mwake, na barua moja ya onyo, ya mwaka 2019, inayomtaka asipande kwenye mitambo ya ujenzi.

Namalizia na jambo la wiki tatu zilizopita. Machimbo ya mawe yaliporomoka upande wa mlimani, vijana wawili wakabanwa. Simu ilipoingia, Sista Dorothea alikuwa stoo akikabidhi mashuka. Alipotoka mbio, gari lilikuwa limeshaondoka. Muuguzi Shamila, ambaye ana miaka mitatu kazini, alikuwa amechukua sanduku, akamchukua na mwenzake, wakaenda bila kumsubiri. Sista alisimama getini kwa saa mbili na nusu. Mlinzi alimletea kiti, hakukaa. Nilipita mara tatu nikijifanya nina shughuli.

Gari liliporudi, Shamila alishuka kwanza, matope hadi kwenye nyusi. Vijana wote wawili walikuwa hai, kila mmoja na dripu yake inakwenda, mipira imeshawekwa, na kiasi kimeandikwa saa kwa saa kwenye kipande cha boksi. Sista alikisoma kile kipande. Akanyoosha mkono kurekebisha chupa, na Shamila akamwahi, akasema kwa adabu kabisa, "Mama, iko sawa. Nenda ukale. Ni saa nane."

Tulidhani angekasirika. Alimtazama Shamila, akatazama chupa, akakubali kwa kichwa. Akaenda kantini, akaagiza ugali na mlenda, akala wote ukiwa wa moto bila kuitwa na mtu. Mpishi anasema alikula taratibu, na kwamba alimaliza akaongeza.

Mama Dorothea, kwa niaba ya maabara, wodi, stoo, Halfani, Mtendaji na bega lake la kulia, tunasema asante. Umetufundisha kusubiri dakika ishirini wakati kila mtu anapiga kelele, na wako watu wanaotembea leo kwa ajili hiyo. Nenda Mpwapwa ukapumzike, ulime, ulale mchana, ule chakula kikiwa moto. Siku zako za mbele ziwe ndefu na nyepesi.

Mudrick
Maabara